Mfinyanzi Niliyemfanya Mchawi

Kitabu changu cha kwanza kilitoka nikiwa nimeshapoteza meno ya mbele. Ni riwaya ya Kilwa ya kale, enzi za masultani, na ndani yake mna mchawi wa kike anayefinyanga vyungu na fundi wa kuchonga mawe ya matumbawe anayempenda. Tangu kitoke nimealikwa mara tatu kuzungumza na wasomaji, na kila mara swali la kwanza ni lile lile. Kilwa Masoko alisimama mwalimu mmoja, binti mdogo tu, akaniuliza: "Shikamoo babu. Uchawi wa kwenye kitabu chako unatisha kwa sababu unaonekana wa kweli. Uliutafiti wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamjibu. Kisha nikatoa maneno mazuri kuhusu wazee na masimulizi yao. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimejikasirikia, maana nilikuwa nimedanganya kwa mara nyingine juu ya jambo lile lile. Jibu la kweli ni fupi: nilimpenda mwanamke, akanikataa, nikamfanya mchawi. Jibu refu ndilo hili.

Nilimaliza kidato cha nne Uhuru ukiwa bado mchanga. Mtu wa kidato cha nne kwetu alikuwa kama redio: wapo wachache, na wanachosema kinaaminiwa. Nilifanya ukarani Lindi miaka kadhaa, halafu ulipofika wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa nikarudi kwa watu wangu. Kijiji chetu kipya kilikuwa kando ya barabara, si mbali sana na Tingi. Walikuja watu kutoka pande mbalimbali za bara, familia ambazo hazijawahi kuazimana hata kinu, wakapimiwa viwanja vilivyopangwa kwa mstari. Mimi nikapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima.

Darasa letu lilikuwa ghala la korosho. Wanafunzi walikuja alasiri, wakitoka shamba, majembe wakayaegemeza ukutani. Herufi walizijua upesi kuliko nilivyotarajia. Kilichotushinda ni vitu vya kusoma. Tuliletewa kitabu kimoja kuhusu kilimo bora cha pamba, na sisi pamba hatukulima. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamekihifadhi chote. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekisoma bila kukosea neno huku amekishika kichwa chini.

Ndipo nikaanza kuandika. Nilinunua madaftari, nikatunga hadithi, na kila siku nikanakili kipande ubaoni ili wanafunzi wakisome. Niliipeleka hadithi katika Kilwa ya masultani kwa sababu ya woga wa kikarani: nikiandika mambo ya leo, mtu atauliza ni wapi na ni nani. Masultani wamekufa, nikawaza, hawatakuja kulalamika mkutanoni.

Sura za mwanzo zilikuwa mbovu. Mchawi wangu alipanda fisi, akafukua makaburi, akaruka na ungo. Wanafunzi walisoma huku wakipiga miayo. Bibi mmoja, ambaye darasani ndiye aliyekuwa msemaji wa wenzake, alifunga kitambaa chake upya akasema, "Mwalimu, huyo tunamjua. Kila kijiji kina wake. Bora turudi kwenye pamba."

Nyumba ya mwisho kabisa kijijini, karibu na bonde lenye udongo mzuri, alikaa mfinyanzi mmoja. Alikuwa mjane wa rika langu. Alifinyanga vyungu na mitungi, akailainisha kwa gunzi la mahindi, na chini ya mdomo wa kila chungu aliacha alama ya ukucha wa kidole gumba, kama mwezi mwandamo. Alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa mama yake: vyungu vikiwa motoni hasemi neno, wala haitikii salamu ya mtu yeyote, kwa kuwa neno hupasua chungu. Watu wa kwao walijua hivyo na walimpita kimya. Wageni waliopangwa kuwa majirani zake hawakujua. Waliona mwanamke anayewatazama bila kuwajibu.

Nilimpenda kwa ajili ya kimya kile. Nilimtuma mjomba wangu apeleke posa, kwa adabu zote. Alirudi akijizuia kucheka.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema, mwambieni mwalimu kwanza ajifunze kujichotea maji yake mwenyewe."

Jibu lile lilifika kila jiko kabla ya magharibi. Wanawake kisimani walinisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi, na nilipowapa mgongo nikasikia ndoo zikitikisika kwa kicheko.

Wiki ile niliandika upya sura ya tatu. Fisi nikamfukuza. Mchawi wangu sasa alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vikiwa motoni hakuongea na mtu, kwa sababu wakati huo alikuwa akivilisha sauti za wanaume aliowanyonya. Aliyekunywa maji katika chungu chake alimsikia marehemu wake akimwita. Na kila chungu alikitia alama ya ukucha.

Leo vijana wanaponiuliza siri ya kuandika uchawi, ningeweza kuwaambia hiyo: kitu kimoja cha kweli, kilichoangaliwa vizuri, hubeba uongo mwingi mgongoni. Siwaambii, kwa kuwa niliijua siri hiyo kwa kumwibia mtu.

Darasa lilifurika. Watu waliokuwa wameacha kisomo walirudi na wake zao. Bibi msemaji alisoma ubao kwa kidole, midomo ikimtetemeka, kisha akageuka.

"Mwalimu, hiyo alama ya ukucha, iko upande gani wa chungu?"

"Chini ya mdomo," nikajibu kwa majivuno, kama aliyeulizwa mji mkuu wa nchi.

Kesho yake asubuhi njia panda ilikuwa na vigae. Wanawake walikuwa wamebeba vyungu vyao na kuvivunjia pale, kama mtu anavyotupa nuksi. Nilipita juu ya vigae vile nikaiona alama, nusu mwezi baada ya nusu mwezi. Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa. Niliendelea kuandika ubaoni majuma mengine mawili, kwa sababu ghala lilikuwa limejaa na kila jioni watu waliniambia, "Endelea, mwalimu."

Mambo yakafika kwenye mkutano wa kijiji. Shauri lilikuwa moja: mfinyanzi aondoke, arudi porini alikotoka. Sisi wengine wote tulikatazwa kurudi porini; yeye peke yake ndiye alitakiwa arudi. Alikaa upande wa wanawake, udongo umemkaukia viganjani, na kati yake na mwenzake wa karibu palitosha kukaa watu watatu. Nilipomwona hivyo nikasimama.

"Ndugu zangu, yule mwanamke wa ubaoni hayupo. Nimemtunga mimi. Sultani nimemtunga, na vyungu vinavyoita watu nimevitunga."

Bibi msemaji akanyoosha mkono, kama nilivyomfundisha. "Mwalimu, sisi hadithi tumelelewa nazo. Mtambaji huanza kwa kutuita, nasi tukamwitikia, na hapo kila mtu anajua kwamba sasa anakula uongo mtamu. Wewe ulituita lini?"

Kuitana na kuitikiana nilikuwa nimeyaona mambo ya watoto, hayamfai mtu wa sekondari.

"Ulichukua chaki ukaandika Kilwa," akaendelea. "Magofu ya Kilwa tumeyaona kwa macho. Na siku ya kwanza ulituambia mwenyewe: mdomo hudanganya, maandishi hayadanganyi."

"Msimwonee mwalimu," akasema mwanamume mmoja kutoka nyuma. "Hamuoni? Kaposa, kakataliwa, kachekwa, na leo bado anamtetea. Huyu ameshakunywa kwenye chungu!"

Wengine walicheka, lakini wale wa mbele walirudi nyuma kidogo. Kukiri kwangu kulikuwa kumegeuka ushahidi. Mfinyanzi akainuka, akajipangusa vumbi.

"Mmemaliza? Nimeacha udongo umelowa."

Aliyetuokoa ni baba yake mdogo, mzee mpole asiyezoea mikutano. Alisema kwamba kwao upande wa bara mtu akitajwa uchawi hunyolewa nywele kwa mganga, yeye pamoja na aliyemtaja, wote wawili. Nywele zikiota, neno limekwisha, na atakayelirudia ndiye mwenye kosa. Watu wakamgeukia mwenyekiti wa kijiji.

"Serikali haitambui mambo hayo," mwenyekiti akasema. Akatazama juu, akafikiri. "Nami siku hiyo nitakuwa Tingi nikifuatilia majembe. Nisichokiona siwezi kukikataza."

Tulitoka alfajiri, watu wanne, kuelekea upande wa Likawage: mfinyanzi, baba yake mdogo, mjumbe mmoja wa kijiji, na mimi. Mpaka jua linapanda hakunisemesha. Kisha akapunguza mwendo hadi tukawa sambamba.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huyo mwanamke wako, ana watoto?"

"Hana."

"Ana shamba?"

"Sikuandika shamba."

"Sasa anakula nini?"

Hilo sikuwahi kujiuliza.

"Basi lazima anakula watu," akasema. "Hata mimi ningemwogopa. Mtu halimi, hapiki, hana ndugu wa kugombana naye. Umemnyima kila kitu, ukamwachia ubaya tu."

Nimesikia maneno ya wahariri tangu wakati huo, lakini somo la kuandika nililipata pale, kwenye njia ya vumbi, kwa mtu ambaye bado hakujua kuandika jina lake.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye wembe mmoja na haraka nyingi. Alimnyoa mfinyanzi kwanza. Nilipokaa mimi juu ya kinu kilichopinduliwa, akauliza, "Ndiye aliyesema?"

"Ndiye mimi."

"Ulimwona akiroga?"

"Sikumwona. Niliandika."

Wembe ukasimama juu ya sikio langu. "Uliandika! Basi umesema kwa watu ambao hata hawajafika. Wewe ungetakiwa uwe na vichwa viwili ninyoe vyote." Mfinyanzi akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chake. Tulipewa maji machungu ya mizizi tukanywa kwa zamu katika kibuyu kimoja, tukakatazwa chumvi kwa siku saba.

Njiani kurudi, vipara viwili vinang'aa juani, nilimposa tena, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimwambia ninajuta na kwamba maji nitachota.

"Kujuta ni kuzuri, mwalimu. Lakini mume wa kujuta simtaki. Nitaishi naye akiniangalia hivyo hivyo kila siku." Alikataa bila kucheka, na mpaka leo ninalihesabu kuwa jambo la heshima nililotendewa.

Tulidhani yamekwisha. Kweli watu walianza kumsalimu. Lakini walimsalimu kama mgonjwa aliyepona. "Afadhali sasa," walimwambia, "dawa imekutoa kile kitu." Alikuja nyumbani kwangu, akasimama uani, hakutaka kukaa.

"Mmenitoa kitu gani, mwalimu? Nataka kujua. Maana kabla sijanyolewa nilikuwa mwanamke anayesingiziwa. Sasa nimekuwa mchawi aliyeacha."

Vyungu havikununuliwa. Walisema wangoje kwanza, waone mvua hii itaendaje. Shamba lake lilikuwa dogo kwa vile siku zote udongo ndio uliomlisha, na sasa alikuwa akila muhogo wa baba yake mdogo. Alisema kwamba ikiwa mpaka mwisho wa kiangazi hajauza, ataenda kwa ndugu zake Somanga, akae nyuma ya nyumba zao kama mzigo. Hakulia aliposema hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kulia.

"Nifanye nini?" nikamuuliza. "Niyachome madaftari?"

"Usichome. Nifundishe kuyasoma."

Akaanza kuja darasani. Alikaa nyuma kabisa, na mwanzoni mkeka wake ulikuwa na nafasi pande zote. Nilimpa daftari langu la kwanza akae nalo nyumbani. Alijifunza kwa njia yake: aliandika herufi kwa kijiti kwenye tumbo la chungu kibichi, akazisoma, akazifuta kwa gunzi, akaandika nyingine. Alifika kwenye silabi ngumu kabla ya wale waliomtangulia. Kila alipokwama alikuja na daftari limepakwa udongo kwenye pembe, na kila alipokuja alikuwa na swali juu ya yule mwanamke. Kwa nini hana shoga? Yule fundi wa mawe, amempendea nini? "Anampenda kwa sababu ni mzuri," nikamwambia. "Wazuri ni wengi," akasema. "Huyu mmoja ana kazi ipi ambayo fundi mwenzake akiitazama mikono inamwasha?" Mapenzi yaliyomo katika kitabu kilichochapishwa yametoka katika swali hilo. Watu husema ndiyo sehemu bora, na wanakosea wanaponisifu mimi.

Siku moja kiangazi kikikaribia kwisha, alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, leo nataka kusoma mimi."

Nilimwambia aje mbele, lakini alikataa kuja ubaoni; alisimama pale pale alipokaa na daftari mkononi. Akafungua sura ya tatu. Sikuwa nimejua ataisoma hiyo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sauti kavu. Alisoma jinsi mwanamke yule alivyoamka alfajiri, akafinyanga chungu, adhuhuri akakitia motoni, magharibi akakipeleka kwa sultani kimejaa maji. Hapo akasimama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena.

"Alfajiri kafinyanga, adhuhuri kachoma," akasema, akiwatazama wanawake. "Chungu kibichi."

Mtu mmoja aliguna. Bibi msemaji aliinua kichwa.

"Kimekauka saa ngapi?"

"Hakikukauka, bibi. Hapa hakuna kukauka."

"Kwa udongo gani huo?"

"Udongo wa mwalimu."

"Kingepasuka!"

"Kingepasuka, kikamtoa sultani jicho."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita ghala zima. Naye hakuwaachia. Akasoma mbele: mchawi anabeba mtungi wa maji kwapani. "Kwapani!" wakapiga kelele. "Mtungi mzima! Mwalimu, wewe umewahi kushika mtungi kweli?" Akasoma: anachota udongo mtoni kwa kikombe cha fedha. Mzee wa kusoma kichwa chini alijifuta machozi kwa kanzu. Kila mstari niliojivunia ukawa kichekesho, na kila walipocheka nilimwona mchawi wangu akipungua, akiwa mdogo, akiwa wino. Watu wale hawakuhitaji kuambiwa kwamba nimetunga. Walijua vyungu. Waliona wenyewe kwamba aliyeandika yale hajui chungu kinavyozaliwa, na kwamba kama hajui hilo, basi hajui na mengine.

"Anayetaka kujua mimi ninavyofanya," akasema mfinyanzi alipofunga daftari, "keshokutwa nachoma. Aje atazame. Ila mdomo afunge, maana mama yangu alinifundisha kwamba neno hupasua chungu. Hiyo tu ndiyo kweli iliyomo humu, na mwalimu kaigeuza."

Nilisimama kando ya ubao, chaki mkononi, nikichekwa na kijiji kizima. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia kuchekwa siku ile.

Walikuja kutazama. Si wote. Walikaa mbali kidogo na moto, wamefunga midomo kama watu walio msikitini, na mimi nilikuwa mmoja wao, ndoo ya maji niliyoichota mwenyewe ikiwa miguuni. Majivu yalipopoa, alivitoa vyungu kimoja kimoja kwa kijiti, akavigonga kusikiliza mlio. Hakuna aliyetangulia. Kisha bibi msemaji akasogea, akainua kimoja, akakizungusha, akakipiga kwa kidole, akatia kichwa chake karibu chote ndani ya chungu.

"Hiki mdomo umepinda," akasema.

"Umefuata mfano wa anayenunua," mfinyanzi akamjibu.

"Loo! Wewe mwanamke una ulimi! Na bei yako ni ya kwenye duka la Lindi."

"Basi panda lori uende Lindi."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mtu anayekuogopa habishani nawe. Hutoa anachoombwa akaondoka haraka. Wanawake wengine wawili walikuwa wameshainama juu ya vile vilivyobaki, wakivigonga na kuvitia kasoro, na mmoja aliniamuru nishike chake vizuri wakati yeye anachagua kingine.

"Kwa mikono miwili, mwalimu," akasema. "Si kwapani."